Koti la Mzee Anzuruni

Kazi ya mavazi ya jukwaani itakupeleka kwenye duka la pombe, hata kama hujawahi kuonja. Nawaambia mapema msije mkashtuka kama nilivyoshtuka mimi. Wiki yangu ya kwanza katika jumba letu dogo la maigizo kule Saint Paul, mkuu wa chumba cha mavazi, Bi Dolores, alinituma nimletee chupa mbili za vodka, ya bei ya chini kabisa. Nikajua bibi ana shida zake. Nilipokuwa natoka dukani na mfuko wangu nikakutana uso kwa uso na mke wa shemasi wetu, anashuka kwenye gari lake.

"Ndugu Elias," akasema, macho kwenye mfuko. "Habari ya huko?"

"Ni za kazi, mama."

"Naona," akasema. "Kazi ni nyingi siku hizi."

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya ulevi, na nusu ya kanisa ikageuka kunitazama kwa huruma.

Kumbe vodka ni ya makwapa. Koti lenye bitana huwezi kulifua kila baada ya onyesho, litaharibika, na mwigizaji anatoka jasho chini ya zile taa kama mtu anayechimba kisima. Kwa hiyo unachanganya vodka na maji, unanyunyiza ndani ya makwapa, unatundika nguo mahali penye hewa. Pombe inakauka, inaondoka na harufu. Asubuhi nguo iko safi. Ukifika dukani, omba risiti, na ukikutana na mtu wa kanisa, mwonyeshe risiti iliyoandikwa jina la jumba.

Vijana huniuliza nilisomea wapi kazi hii. Sikusoma. Baba na mama walifariki nikiwa darasa la saba kule Nakuru, wakifuatana, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa na wadogo watatu. Fundi mmoja sokoni alinipa nafasi kwenye cherehani yake ya zamani, nikaanza kushona sare za shule ileile niliyoiacha. Sare za wadogo zangu niliziwekea pindo refu ndani, nikawa nalishusha kidogo kila mwaka wanavyorefuka. Ukitaka kujua mimi ni fundi wa aina gani, ni hiyo. Dada yangu anayenifuata alisoma akawa muuguzi, akaja Minnesota, na baada ya miaka akaniita. Nilisukuma mikokoteni kwenye ghala moja mjini Eagan mpaka nilipoona tangazo kwenye maktaba: anatakiwa mtu anayejua kushona. Nilipoulizwa kazi yangu ya zamani nikasema mimi ni fundi. Wakadhani ndilo jina langu. Nimestaafu juzi, na kwenye keki ya kuniaga wameandika "Fundi".

Bi Dolores alikuwa mwanamke mrefu mwenye pini mdomoni saa zote, kiasi kwamba hata akikasirika alisema kwa upole asije akazimeza. Karibu kila ninachojua alinifundisha yeye. Alinifundisha kwamba nguo mpya inadanganya. Mwigizaji akitoka mbele na shati lililotoka dukani leo, watu wa nyuma kabisa watajua huyu si mkulima. Kwa hiyo tuliloweka mashati kwenye chai ya rangi, tukasugua viwiko kwa msasa, tukajaza mifuko ya makoti mawe na kuyatundika wiki nzima ili mifuko ilegee kama ya mtu anayetia mikono humo miaka yote.

Alinifundisha pia velkro, ule utepe wa kunata unaofunguka kwa kuvutwa. Mwigizaji anapokuwa na muda mfupi tu wa kubadilisha nguo nyuma ya jukwaa, hana nafasi ya vifungo. Unashona vifungo kwa juu kama urembo, na nyuma yake unaweka velkro. Mimi niliipenda velkro kupita kiasi. Niliiweka hata kwenye suruali ya padri wa mchezo mmoja, na padri alipopiga magoti kusali, suruali ikafunguka kwa mlio uliosikika ukumbi mzima. Watu walicheka mpaka marehemu aliyekuwa kwenye jeneza akacheka. Bi Dolores alitoa pini zote mdomoni, moja moja, ndipo akanisemesha. Sitarudia alichosema.

Sasa niwaambie kuhusu koti, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya yote.

Mwongozaji wetu aliitwa Mai. Wazazi wake ni Wahmong, watu waliokimbia vita Laos wakafika Saint Paul bila kitu. Yeye alizaliwa hapahapa. Alikuwa mdogo wa mwili, anaongea taratibu, na sijawahi kuona mtu anayejua kusikiliza kama yule. Michezo yake haikutungwa. Alikwenda mahali palipotokea jambo baya, miaka mingi baadaye, magari ya televisheni yakiwa yameshaondoka, akakaa na watu jikoni kwao akawarekodi. Kisha waigizaji walisema maneno yaleyale ya watu wale, pamoja na vikohozi na kigugumizi chao.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata mara moja. Maneno ni ya mwenyewe mpaka siku ya kusomewa. Siku hiyo aliwakusanya wote waliohojiwa, akawasomea mchezo wote, na yeyote aliweza kusema: yangu toeni. Yalitolewa bila kuulizwa sababu. Niliwahi kumwona akipoteza nusu ya mchezo namna hiyo, akasema asante, akaenda kuosha vikombe.

Jambo tulilokwenda kuulizia lilitokea Fridley, mji mdogo wa jirani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Kanisa la Wakongo, watu wa Uvira na Fizi, lilikuwa limepanga ukumbi huko. Wakati wa baridi waumini walivua makoti na kuyatundika kwenye ujia wa kuingilia. Jumapili moja, wakiwa katikati ya nyimbo, kijana mmoja aliyechukia kuona watu wale mtaani kwake alifungua mlango, akamwaga petroli kwenye makoti, akawasha. Alikamatwa na kuhukumiwa, na Mai alimpa dakika chache tu za mchezo. Mimi nitampa hizo sentensi mbili.

Aliyesimama mlangoni siku hiyo alikuwa Mzee Anzuruni, mpokeaji wa makoti. Alikuwa na utaratibu wake. Koti la mtoto alilitundika ndani ya koti la mama yake, glavu na kofia akazisukumia kwenye mikono, ili familia itoke pamoja bila kutafutana. Moto ulipowaka, yeye ndiye peke yake aliyekuwa bado amevaa koti, maana mlango ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa. Alilivua akaupiga nalo moto, akafungua njia pembeni, watu wakapita. Watu walisimama kwenye theluji na vitenge vyao, wote wazima. Mzee alifariki hospitalini kwa sababu ya moshi.

Tulikwenda miaka sita baadaye. Mimi nilikwenda kama fundi, na pia kumsaidia Mai kwa Kiswahili. Kanisa lilikuwa limehamia ukumbi mwingine hukohuko Fridley. Kulikuwa na misumari mizuri ya makoti ukutani, na hakukuwa na koti hata moja. Kila mtu alikaa na koti lake mapajani, ibada nzima, hata waimbaji walikuja mbele wakiwa wameyakumbatia. Hakuna aliyetuambia sababu. Mai alinitazama, akalivua la kwake, akaliweka mapajani.

Katika kila mahojiano mimi nilikuwa na swali moja: alivaa koti gani? Mchungaji wao akasema jeusi. Kiongozi wa kwaya akasema la kahawia. Shemasi wao akasema lilikuwa la kijani, kama la jeshi. Msichana mmoja alianza kucheka, mama yake akamfinya, naye akasema hakumbuki. Ng'ambo ya barabara aliishi mzee mmoja Mzungu, Gordon, dereva wa basi mstaafu, ambaye siku ile alitoka mbio na mablanketi yote ya nyumba yake. Yeye alisema, "Zambarau." Tukaandika, lakini mimi nilimwambia Mai kwamba macho ya utu uzima, pamoja na ule moshi, hayaaminiki. Gordon alikuwa peke yake, na wengine, hata kama hawakukubaliana, wote walitaja rangi za kiume.

Mjane wa Mzee, Mama Sifa, alizungumza nasi muda mrefu, kwenye kochi lake, koti mapajani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alieleza kila kitu isipokuwa koti. Mwisho akamwambia Mai, nami nikatafsiri: "Maneno yangu nimekupa. Kama utabaki nayo au hapana, nitajibu siku ile ya kusomewa." Mai akakubali. Njiani kurudi aliniambia kwamba bila Mama Sifa hakuna mchezo. Ungekuwa mchezo wa watu walioponyoka, na yule aliyewaponya angebaki jina tu.

Nikashona koti jeusi. Nilichagua sufu nzuri, kola pana, bitana ya hariri, nikalizeesha kwa msasa kama alivyonifundisha Bi Dolores. Lilikuwa koti la mtu mzima wa kanisa, na nililipenda. Mai aliniomba nilibebe siku ya kusomewa, nikalivisha mwigizaji wetu Terrence, kijana mwembamba, mpole, aliyekuwa achukue nafasi ya Mzee.

Walikaa kwa mduara, chai na maandazi katikati, makoti mapajani. Terrence akasimama. Mchungaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Sifa akamtazama kijana kuanzia miguuni mpaka juu.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Mama, huyu ndiye atakuwa Mzee Anzuruni."

"Hapana. Hii haiko manto yake. Hii iko manto ya gavana." Manto kwao ni koti. Akageukia mduara. "Nani aliwaambia nyeusi?"

Mchungaji akaangalia maandazi.

"Na wewe ulisema gani?"

"Kahawia, mama," akasema kiongozi wa kwaya, kwa sauti ndogo.

Hapo yule msichana akashindwa, akapasuka kwa kicheko, na safari hii mama yake hakumfinya kwa sababu naye alikuwa anacheka. Kicheko kikazunguka mduara mzima. Mimi na Mai tulikuwa kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowajua.

Mama Sifa akatueleza. Walifika Minnesota mwezi wa kwanza, wakapelekwa kuchagua makoti ya msaada. Ya wanaume yote yalikuwa makubwa kama hema, na Mzee alikuwa mtu mdogo. Moja tu lilimtosha, na ndilo lililokuwa na joto kuliko yote. Lilikuwa la zambarau, lina manyoya kwenye kola, na lilikuwa la kike.

"Nilimwambia, baba Sifa, hii iko ya bibi. Akaniambia, mimi niko na joto, nyinyi muko na aibu." Akajipangusa machozi ya kucheka. "Akaivaa mpaka siku ile. Watu wote hapa walijua. Hakuna aliyesema kitu."

Mchungaji akainuka. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa upole. "Mama, sisi tulimfichia heshima yake. Huyu mzee alitutoa kwenye moto. Leo Wazungu walipe tiketi, waje wamwone katika koti la mwanamke? Watamcheka."

"Acha wacheke. Mimi nilimcheka kila Jumapili asubuhi." Kisha akaacha kucheka. "Mchungaji, mumemuheshimu mpaka mumemufuta. Yule mwenye koti nyeusi mimi simujui, sikulala naye, sikuzaa naye. Wakimvika hii, natoa maneno yangu yote. Wakimvika yake, wachukue."

Wote wakamgeukia Mai. Nilidhani atatetea mchezo wake, au atatafuta njia ya katikati. Yeye akasema tu, "Maneno ni ya Mama." Akaniuliza kama naweza kupata koti la zambarau. Nilikwenda kwenye maduka ya mitumba, kutoka Fridley mpaka Inver Grove Heights, nikalipata, na kola ya manyoya nikaipandikiza kutoka koti jingine. Koti jeusi nililitundika nyuma kabisa ya chumba, na Bi Dolores alipolikuta akasema, "Pole, Fundi. Lilikuwa zuri." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisifu kitu bila pini mdomoni.

Sasa, nyinyi mtakaoshona, mnajua kwamba koti la kiume lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji, na la kike upande wa kushoto. Terrence alihangaika navyo kila mazoezi. Alitakiwa kulivua upesi moto ukianza, akawa anakwama. Mimi nikafanya nilichozoea: nikaziba matundu, nikashona vifungo kwa juu, nikaweka velkro nyuma. Likawa linafunguka kwa mvuto mmoja.

Mama Sifa alikuja kwenye mazoezi ya mwisho ya mavazi. Alipomwona Terrence akapanda jukwaani bila kuuliza mtu. Akanyoosha kola. Akashika kifungo cha juu, akatafuta tundu lake kwa kidole gumba, akalikosa.

"Hii kifungo inadanganya," akasema.

Nikaja mbele kumweleza habari ya muda na moto. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, bwana yangu hakuweza kufunga vifungo hivi. Vilimushinda, viko upande mubaya. Kila Jumapili nilisimama mbele yake hivi, nikamufunga. Mimi nikiwa mbele, upande ulikuwa muzuri kwangu. Na hapo ndipo tulisemezana mambo yetu, watoto wakiwa kwenye gari wanapiga kelele."

Asubuhi iliyofuata nilibandua velkro yote, nikafungua matundu matano na kuyazungushia uzi kwa mkono, mishono midogo iliyobanana, jinsi yule fundi wa Nakuru alivyonionyesha kabla sijajua kuna mashine za kazi hiyo. Na Mai akabadilisha mwanzo wa mchezo. Taa zilipowaka, jambo la kwanza watu waliloliona ni mwanamke akimfunga mume wake vifungo vya koti la zambarau, polepole, wakinong'onezana juu ya petroli ya gari na mtoto aliyesahau kiatu.

Ilibaki swali la moto. Terrence alisema, "Fundi, sitaweza kufungua vitano kwa wakati." Mai akafikiri, akasema, "Yeye pia hakuweza."

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Mai alikuwa ameomba wapokeaji wasimwambie mtu yeyote atundike koti, kwa hiyo mji mzima ulikaa na makoti mazito mapajani, watu wanavuja jasho na hawajui kwa nini, mpaka mchezo ulipowaeleza. Mzee alipotokea mlangoni na kola yake ya manyoya, watu walicheka. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikachungulia mstari wa mbele. Mama Sifa alikuwa anacheka kuliko wote, na Mchungaji kando yake, baada ya kujizuia, akamfuata.

Kisha moto ukaja. Terrence akashika kifungo cha kwanza, vidole vikakataa. Akashika kola kwa mikono miwili akalipasua koti mwilini mwake. Vifungo viliruka, tulivisikia vikidunda kwenye mbao, kimoja kikatumbukia kwa watazamaji. Nikamwona Mama Sifa akishika mkono wa Mchungaji. Baadaye aliniambia kwamba kwa miaka sita alijiuliza Mzee aliwezaje kulivua lile koti peke yake, yeye akiwa mbali kwenye kwaya. "Sasa nimejua," akasema.

Kila baada ya onyesho nilipiga magoti jukwaani na tochi nikikusanya vifungo, na kila asubuhi nikavishona upya. Watazamaji waliniletea vilivyowafikia, vikiwa kwenye viganja kama vifaranga. Gordon aliniletea kimoja, akakiweka mkononi mwangu akasema, "Nilikuambia zambarau." Nikamwambia ulinitangulia, mzee.

Onyesho la mwisho nilipata vinne. Nilipekua chini ya viti vyote. Watu walikuwa wameshatoka, amebaki Mama Sifa mstari wa mbele na koti lake mapajani, ananiangalia ninavyotambaa.

"Fundi, unaumiza magoti bure," akasema, akafungua kiganja. Kifungo kilikuwa humo. Nikanyoosha mkono nikipokee. Akakifumba tena.

"Hii usishone tena."

Akakitia mfukoni, akainuka, nikamshikia koti lake avae.

Mmoja wenu akiajiriwa pale, chumba cha mavazi kiko chini ya ngazi, na koti la zambarau liko kwenye hanga ya mwisho kulia. Linyunyizieni vodka mara mojamoja, nondo wanapenda manyoya. Lina vifungo vinne na tundu moja tupu. Msilitafutie kifungo.